Mama Magadi Aaga Ofisi ya Mifugo Kitengela

Tarehe 30 Juni 2007, Bi. Syokau Maweu atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia mifugo, kumi na sita kati ya hiyo akiwa nasi hapa Kitengela. Wafugaji humwita Daktari, ingawa yeye hukumbusha kila mara kwamba ni afisa wa afya ya mifugo. Waliomzoea humwita Mama Magadi. Mimi nimekuwa dereva wake tangu 1993, na kwa kuwa nimemsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote katika idara, wenzangu wameamua kalamu nishike mimi.

Alizaliwa Mwala na akaletwa kwetu mwaka wa 1991 bila kujua neno la Kimaasai. Siku yake ya kwanza Kisaju aliwasalimu wazee kwa "Takwenya!", salamu wanayopewa wanawake. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki iliyofuata walikuja na ng'ombe wao wote kumwona mama aliyewageuza wanawake, naye akawachanja ng'ombe hao papo hapo kabla wazee hawajabadili nia.

Adui wake mkubwa amekuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao Wamaasai huuita oloirobi. Wafugaji waliujua kabla idara yetu haijazaliwa. Ng'ombe hutokwa na mate, ulimi hufanya malengelenge, kwato huuma hata akashindwa kutembea. Kwa kuwa ng'ombe mkubwa huugua kisha akapona, wengi waliuona kama mafua tu. Bi. Syokau aliwaonyesha yanayofuata: maziwa kukauka, mimba kutoka, ndama kuanguka ghafla kwa sababu ugonjwa umeingia moyoni. Akawaeleza unavyosafiri kwa mate, kwa maziwa, kwa kwato, kwa viatu vya mgeni na kwa magurudumu ya gari, langu likiwemo. Dawa ya kuviua virusi vya ugonjwa huu ndani ya ng'ombe haipo, ila vikiwa nje maji ya magadi huvimaliza. Na Kajiado tukikosa vingine vyote, magadi tunayo.

Lakini kazi yake haieleweki bila habari ya harusi ya 1998.

Mzee Meitamei wa Kisaju alikuwa anamwoza mwanawe, Koinet. Bibi harusi, Kakenya, alitoka Ewuaso Kedong, na ng'ombe wa mahari walikuwa wametengwa tayari kuswagwa kwa miguu kupitia Rongai na Ngong. Siku chache kabla ya safari tulipita hapo kuwasalimu tu. Bi. Syokau akamwona fahali mmoja akitafuna bila kitu mdomoni.

"Huyu ako na shida gani, mzee?"

"Hana shida, Daktari. Ni jua."

"Jua la asubuhi hivi?" Akamshika fahali pua, akamfungua mdomo. Ngozi ya ulimi ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyekunywa uji wa moto.

Karantini ikatangazwa siku hiyo. Mzee Meitamei alikasirika kiasi cha kukataa kumtazama. "Unataka mtoto wangu aende kuoa mikono mitupu kama mwizi?"

Ng'ombe wale wangepita Gataka, ambako watu hufuga ng'ombe mmoja mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba, na Ngong nzima, kabla ya kuingia katika kundi la wakwe. Bi. Syokau alijua hayo. Alijua pia kwamba amri peke yake haimzuii baba mwenye harusi. "Mzee," akasema, "nipatie ruhusa nitangulie mimi. Nitaongea na mkwe wako."

Tuliosha gari kwa magadi, juu na chini, tukabadilisha nguo, tukaenda Ewuaso Kedong. Babake Kakenya alimsikiliza. Mwishowe akauliza, "Wewe ni ndugu yao?"

"Leo ni ndugu," akajibu Bi. Syokau. "Na sitaki uoze binti upokee ugonjwa."

Mzee akainuka, akaenda zizini. Alikaa akiwatazama ndama wake kwa muda mrefu, nasi tukakaa na chai iliyopoa. Aliporudi alisema maneno ambayo nimeyasikia yakirudiwa katika mikutano mingi tangu siku hiyo: "Msichana atangulie. Ng'ombe watafuata wakipona."

Asubuhi ya harusi Bi. Syokau alisimama langoni kwa Meitamei na beseni la magadi. Hakuna aliyetoka bila kukanyaga: wazee, kwaya, mchungaji na Biblia yake kwapani. Koinet alikuwa na viatu vipya vyeusi. Katika picha zote za harusi ni vyeupe hadi kwenye kamba. Kakenya amezitundika picha hizo sebuleni na hakubali zitolewe.

Mzee Meitamei alipoteza ndama kadhaa, na halikuwa jambo dogo. Bi. Syokau alikwenda kwake mara kwa mara kuosha midomo na kwato za waliobaki, mpaka siku moja mzee akamletea kiti bila kuombwa. Gataka ilibaki salama, na Ewuaso pia. Karantini ilipoondolewa, ng'ombe wa mahari walifika kwa nyimbo. Babake Kakenya akamtolea Bi. Syokau mtamba. Alishukuru, kisha akampa Kakenya mtamba huyo ili aanze naye kundi lake, maana mtumishi wa serikali hapokei zawadi. Hata hivyo, yeye na mzee huyo huitana Paashe hadi leo, kama watu waliopeana mtamba.

Si kila vita alishinda. Ukame wa mwaka 2000 ulipotawanya makundi kila upande, oloirobi ilipita nayo, na nilimwona akilia ndani ya gari kule Isinya. Kisha akapangusa uso na kuniambia niwashe gari. Kutokana na mwaka huo zilizaliwa kamati za chanjo za vijiji, ambazo leo hutupigia simu zenyewe mate yanapoonekana. Mumewe, Kiema, anasema afadhali astaafu, kwa sababu yeye naye huoshwa viatu kabla ya kuingia nyumbani kwake.

Bi. Syokau, asante kwa ukali wako, kwa vicheko vyako, na kwa kutufundisha kuingia katika boma la mtu kwa heshima. Tumesikia umenunua ng'ombe wawili wa maziwa. Basi chanjo ijayo utapanga foleni na wafugaji wenzako, na Zipporah Ndunge, anayeshika nafasi yako, ameapa hatakupendelea. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati wake, na asubuhi nyingi za kukaa tu ukiwatazama ng'ombe wako wakila.