Mugeni Hapiki

Kwenye kona moja ya Bagira, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mjini, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa butiki iliyofungwa zamani. Kila jioni wanaume wa mtaa hukaa hapo kunywa kahawa ya tangawizi ya Maman Bintu na kutatua mambo ya dunia, maana ya nyumbani kwao yamewashinda. Jioni ile walikuwa wanne. Kulikuwa na Polycarpe, mwalimu mstaafu, aliyeitwa Préfet, yaani mkuu wa shule, ingawa maisha yake yote hakuwahi kuwa préfet wa shule yoyote. Kulikuwa na Thierry wa pikipiki, jina lake Antenne, kwa sababu habari zilimfikia kabla hazijatokea. David aliuza dawa za miti, na ukimwita kwa jina lingine lisilo Docta hageuki. Wa nne alikuwa Jacques, waliyemwita Notaire, mtu wa hati, kwa ajili ya bahasha ya karatasi aliyoibana kwapani hata akienda misa. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Notaire ndiye aliyewanunulia kahawa, kama alivyofanya majuma matatu mfululizo, na kahawa ya kununuliwa ni tamu, ila hukaa tumboni kama jiwe.

Saa moja na nusu, taxi ikasimama mbele ya nyumba ya matofali ng'ambo ya barabara. Ilikuwa nyumba ya marehemu Bulonza, kaka yake Notaire, na ilikuwa imefungwa tangu azikwe miaka miwili iliyopita. Akashuka mwanamke mwenye mabegi mawili na mtoto wa kike aliyejaa usingizi. Préfet alimtambua kabla hajageuka. Alikuwa Gisèle, mtoto wa pekee wa Bulonza, mwalimu huko Goma. Vacances za shule zilikuwa zimeanza, boti ilichelewa kuondoka, na walipofika bandarini jua lilikuwa limeshazama. Alifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akaingiza mabegi na mtoto, kisha akavuka barabara. Akasalimia wote mmoja mmoja, akianza na baba yake mdogo.

— Bapapa, soko tumekuta imefungwa. Nitapata wapi unga ya bugali, makala kidogo, na sambaza?

Swali lilikuwa rahisi, na hapakuwa na hata mmoja asiyejua jibu. Hatua arobaini kutoka pale, mke wa Préfet, Maman Jeanine, aliuza unga, makala ya kuwashia jiko, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, kwenye dirisha la nyumba yake, biashara aliyoanza mwaka jana tu, bila kibao. Alifunga saa kumi na mbili, lakini ukigonga anafungua. Wote waliwahi kugonga. Hata hivyo hakuna aliyefungua kinywa. Walimtazama Notaire, na Notaire akamtazama Préfet.

Sababu ilikuwa hii. Dimanche baada ya misa, familia ingekutana mbele ya chef wa avenue, mkuu wa mtaa, kuamua habari ya ile nyumba. Notaire alikuwa amekwisha kutangaza atakachosema: nyumba isiyowaka moto haina mwenyewe, na mtoto wa Bulonza akija Bukavu, anakuja mgeni, anakula kwake Notaire, anarudi alikotoka. Kila mtu wa benchi alikuwa na kipande chake katika maneno hayo. Antenne aliahidiwa uwanja wa kutengenezea pikipiki, Docta chumba cha dawa. Préfet aliahidiwa salon, ifanywe darasa, na tableau nyeusi ukutani. Tangu siku ile, usiku alikuwa akiota chaki.

Notaire alijibu kwa upole wa mtu mwenye chungu jikoni.

— Mwana yangu, unga ya nini? Kwangu chakula iko kwa moto. Leta mutoto, mukule, mulale. Mugeni hapiki.

Na wenzake wakadaka palepale, maana kimya kilikuwa kinawaumbua. Antenne alieleza kwamba Bagira nzima hamna unga, hata wa kupaka ukuta. Gunia la mwisho alilipeleka yeye mwenyewe Cimpunda saa tisa, na malori ya Bunyakiri yamekwama kwa sababu daraja limepasuka, na dereva mmoja amekwisha kuoa huko huko akingojea. Akamalizia kwamba haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana unga umeisha.

Docta alisema unga si tatizo, tatizo ni moto. Nyumba iliyolala miaka miwili haiwashwi hivi hivi. Ile gesi iliyo chini ya ziwa, alisema, hupanda polepole ndani ya udongo, na inapenda nyumba tupu. Ukiwasha kiberiti kimoja, avenue nzima inaruka. Antenne, ambaye hakupenda kupitwa, akakumbuka mtu wa Kadutu aliyechemsha yai moja tu katika nyumba ya namna hiyo, akajikuta ng'ambo ya Ruzizi, nchi ya watu, bila karatasi yoyote, yai bado liko mkononi.

Gisèle alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, kama anavyosikiliza mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

— Papa Docta, na nyinyi hapa munapikaka na nini?

Docta akasema wao walishazoea.

— Hata wazee walisema, mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, akaingilia Notaire. Jembe, walisema. Hawakusema mwiko.

Hapo Gisèle akaacha kutabasamu. Alimwita tonton, kwa heshima yote, na sauti yake haikupanda.

— Tonton, mugeni anapewa chakula. Mwenye nyumba ananunua. Mimi niko natafuta kununua. Na ile mambo ya dimanche, niliisikia tangu Goma.

Akawasha tochi ya simu yake, akaenda.

Préfet aliufuata ule mwanga kwa macho. Uliteremka mpaka butiki ya kwanza, ukasimama, ukagonga, ukaendelea. Butiki ya pili mtu alijibu kwa dirisha kwamba amebakiwa na sabuni tu. Ya tatu hakujibu mtu. Mwanga ukapotea kwenye kona, ukakawia, ukarudi upande wa pili wa barabara, polepole zaidi. Alipopita mbele ya benchi, Gisèle alikuwa ameshika bougie mbili za nta za kumulikia na pakiti ya chumvi, basi. Notaire alimwambia chungu kinapoa. Alijibu asante tonton, bila kusimama.

Mlangoni kwake, yule mtoto, Merveille, wa miaka minane, alikuwa amekaa juu ya begi. Hakulia. Aliuliza tu kwa sauti ya usingizi kwa nini nyumbani kwa koko, babu yake, hakuna chakula. Mama yake akamwambia kipo, kinatafutwa.

Préfet alisikia maneno hayo kutoka benchini. Akakumbuka mwaka ule mvua ilipobeba ukuta wa nyumba yake. Bulonza alikuwa mwashi. Alikuja asubuhi bila kuitwa, na mwiko wake na kamba yake, akajenga siku tatu, na siku zote tatu aliomba kitu kimoja tu, chai isiyokuwa na sukari nyingi. Ukuta ule ulikuwa umesimama mpaka leo. Dirisha la Jeanine lilikuwa katika ukuta ule.

Akaweka kikombe chini, akainuka.

— Préfet, akasema Notaire, tableau nilishaagiza. Seremala ataleta lundi, dimanche ikipita.

Préfet alikuwa na miaka sitini na tisa, na hakuna mtu mwingine aliyemwambia kwamba bado anaweza kufundisha. Kisha akasema anakwenda nyumbani mara moja, naye akateremka.

Alikuta mke wake amekaa gizani karibu na dirisha, kitambaa begani. Mezani palikuwa na unga umefungwa tayari katika mfuko, makala katika ndoo ndogo, sambaza ndani ya gazeti, nyanya tatu, kitunguu, na mafuta ya mawese katika chupa.

— Umejuaje? akauliza Préfet.

— Mimi ndiye nilimupigia simu aje. Nilimwambia wanakula nyumba ya baba yake na vikombe vya kahawa.

— Basi juu ya nini hukumupelekea?

Jeanine alisukuma mfuko wa unga kuelekea kwake.

— Nilikuwa nangojea nione kama utakuya. Nilisema saa mbili ikipita, nitaenda mimi, na wewe utalala kwa benchi. Sasa beba. Na usimupe bure, sikia. Muuzie.

Préfet alibeba ndoo mkono huu na mfuko mkono ule, akapanda barabara. Angeweza kupitia nyuma, kwenye njia ya bustani za maharagwe, ambako hakuna macho. Alipita mbele ya benchi. Unga ulikuwa umemmwagikia koti lake lote jeusi. Antenne akavuta miguu yake kumpisha. Kwenye baraza Préfet akatua mizigo, akakohoa, akasema kwa sauti aliyokuwa akitumia zamani kwenye uwanja wa shule ili darasa la nyuma lisikie:

— Maman Gisèle, mwenye nyumba, nimeleta unga yenye uliuliza. Bei ni ile ya kila siku.

Gisèle akatoa pesa, akamlipa palepale kwenye baraza, mbele ya mtaa wote, naye akazipokea kwa mikono miwili.

Ilibaki shida ya moto. Mbabula ya Bulonza, jiko lake la makaa, ilikuwepo jikoni, imejaa vumbi, lakini makala yalikuwa yameingia unyevu na kiberiti kilikuwa kinaisha. Ndipo Maman Bintu, ambaye jioni nzima alikuwa kando ya benchi na jiko lake la kahawa, akainua birika lake kutoka kwenye jiko, akaliweka chini juu ya jiwe, akachota makaa mekundu kwa koleo, akavuka nayo barabara. Notaire alimuuliza na kahawa je. Akasema kahawa itangojea.

Moto ukawaka. Docta alisogea mpaka mwisho wa benchi, akashika mbao kwa mikono miwili. Moshi ulitoka dirishani, mweupe kwanza, kisha mwembamba. Hakuna kilichoruka. Baada ya muda yakasikika mafuta, na harufu ya sambaza na kitunguu ikavuka barabara bila kumuomba mtu ruhusa. Dirisha moja la jirani likafunguka, halafu lingine. Mama mmoja mzee akauliza kutoka uwanjani mwake nani anapika kwa Bulonza. Jeanine, ambaye alikuwa ameshafika na mwiko wake, akamjibu kutoka jikoni:

— Ni mutoto yake.

Mtaa ukayabeba maneno yale kutoka uwanja hadi uwanja, haraka kuliko Antenne alivyowahi kubeba kitu. Notaire aliihamisha bahasha yake kutoka kwapa moja kwenda jingine. Alisema moto wa usiku mmoja haukati neno, na kwamba dimanche bado ni dimanche. Hakuna aliyemkatalia. Hakuna aliyemuunga mkono pia, na hilo lilikuwa jambo geni kwenye benchi lile.

Bugali ulipoiva, Gisèle alitoka na bakuli la maji na kitambaa, kanga imefungwa kiunoni, jasho usoni. Alivuka barabara tena, akasimama mbele ya baba yake mdogo, akapiga goti kidogo kama binti anavyopaswa.

— Tonton, chakula iko tayari. Mutakuya kula kwangu?

Notaire akafungua kinywa. Akiingia, ameingia kwa mwenye nyumba, na kesho mtaa wote utajua sahani alikulia wapi. Akikataa, amekataa chakula cha mtoto wa kaka yake, na hilo nalo mtaa utalijua. Akaangalia bahasha, kana kwamba ndani kulikuwa na karatasi inayojibu. Antenne alitazama pikipiki yake. Docta alitazama anga.

Gisèle hakuondoka. Alibaki ameshika bakuli lake.

— Mimi ninaingia, akasema Préfet.

— Ukiingia mule, akasema Notaire bila kumtazama, tableau usahau. Na kesho usikae kwa hii benchi.

Préfet alikung'uta unga kwenye koti, haukutoka.

— Tableau yako umupe seremala. Na benchi ni ya avenue, Jacques. Kesho saa kumi na moja niko hapa. Kahawa nitajinunulia.

Akanyoosha mikono, Gisèle akammwagia maji. Antenne naye akanyoosha yake, akisema kwa sauti ya chini kwamba anaingia kuangalia tu. Docta alingoja mpaka wamefika mlangoni, kisha akawafuata haraka, akieleza kwamba mtu wa dawa lazima awepo gesi ikitokea. Notaire alibaki kidogo. Walipogeuka, alikuwa anateremka barabara peke yake, na hakuna aliyemcheka, maana ni mtu mzima na kaka yake alimpenda.

Ndani, bougie mbili ziliwaka juu ya meza ya Bulonza. Sahani hazikutosha. Walikula wawili wawili, na Préfet akaangukia sahani moja na Merveille, ambaye usingizi ulikuwa umemwisha, na ambaye hakumwachia sambaza hata mmoja.