Dada Yuko Ng'ambo ya Njia Nane

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na mwenye birika ni mimi, kwa hiyo wanaume hawa wakipayuka nawasikia wote. Mbele yetu inapita barabara mpya: njia nane, ukuta wa zege katikati, uzio huku na huku. Asubuhi ukungu ukitanda magari huyaoni, unasikia mvumo tu, mpaka macho yanalegea. Ng'ambo, hatua mia hivi, kuna nyumba ya bati la bluu, ya dada yake Fundi Viatu. Zamani nilikuwa nikimimina kahawa hapa, Fundi anampelekea dadake na inafika ingali moto. Siku hizi kivuko ni daraja la ngazi sitini, kule mbali kabisa, na goti la Fundi bovu. Miezi saba hawajashikana mikono. Na leo saa nne mwanawe dada anakuja na gari kumhamishia kwake, safari ya siku mbili. Dada ana miaka sabini na sita.

— Alfajiri, kabla ukungu haujatanda, nimemwona anakunja mashuka, alisema Fundi. Nataka nimuage, jamani. Basi.

— Utamuaga, alisema Injinia, ambaye alibeba zege la barabara hii miezi minne, jina akajipa mwenyewe. Ila kwanza uelewe tatizo. Umbali haufi. Wale wa nyumba mpya kule pembezoni walikuwa wakifika mjini kwa saa mbili, sasa dakika ishirini. Umbali wao umekwenda wapi?

— Wapi?

— Wameumwaga hapa. Kati yako na dada.

Tukageukia barabara. Wallahi hata mimi niliuona ule umbali umelala kwenye ukungu, kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.

— Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio.

Redio ni mstaafu, na hazimiki. Methali kwake ni kofia, anaivisha kichwa chochote.

— Mie naenda, alisema Fundi, akashika mkongojo.

— Kaa, bwana! alisema Redio. Haraka haraka haina baraka. Tupange kwanza.

Kinyozi alikuwa kafumba macho, kikombe kifuani.

— Mie jana nimeota tumeikunja barabara kama mkeka. Tukaiegemeza ukutani kwako, Fundi. Chini yake njia yetu ya zamani ipo, na majani yake. Tukavuka taratibu.

— Na magari?

— Yalikuwa yamelala ndani ya mkunjo.

— Inawezekana, alisema Injinia, sauti imeshapoa. Lami jua likikolea inalainika.

— Mnajisumbua, alisema Redio. Tusogeze benchi. Kila siku shubiri moja, kimyakimya. Barabara haitashtuka. Siku moja inaamka, inatukuta tumekaa upande wa pili.

— Na dada atakaa wapi? aliuliza Fundi.

— Katikati yetu. Mkubwa hakai pembeni.

Fundi akacheka, masikini, akauweka mkongojo chini.

— Nijazie, shangazi.

Nikamjazia. Sijui nilikuwa na akili gani. Nami nilikuwa nimo humohumo mkekani, natembea juu ya majani.

Akaja mama mmoja, mgeni, mtoto mgongoni, ndoo ya nyanya kichwani, vumbi mpaka magotini. Aliomba kahawa akainywa wima. Redio akamweleza yote, toka goti hadi mkeka, na yule mama akasikiliza bila kucheka.

— Nyumba ya bati la bluu? Nimepita hapo, walikuwa wanapakia godoro. Nimezunguka kwa daraja na huyu mgongoni, saa nzima. Mzee na goti lake, tuseme saa moja na nusu.

Akanirudishia kikombe.

— Kwani mmeanza kuliongea hili saa ngapi?

Injinia akaangalia buti zake. Kinyozi akafumbua macho. Redio akamwaga kahawa yake chini. Nikatikisa birika, limebaki tupu, nikaona aibu hata ya kulitua.

Ukungu ulikuwa umeinuka. Mbele ya bati la bluu palikuwa peupe, hakuna gari, na mlango umefungwa kwa kufuli. Fundi alikuwa ameinama akitafuta mkongojo, hajaangalia huko. Akaupata, akashika njia ya darajani, anachechemea kwa haraka. Nilitaka kumwita nimwambie. Nikaokota kikombe chake, nikakisuuza.