Kisanduku cha Haru Kilichoanza Kukoroma

Usinikunjie pua. Najua unachosema moyoni: wazee wazima, wenye wajukuu na miwani, wamekaa mchana kutwa wanabishana juu ya kisanduku kisichozidi ndoo ya rangi, ati kimeanza kukoroma. Mwongo huyu, unasema. Basi nenda mwenyewe Kolkata, upande wa kaskazini, uulize nyumba ya Binapani mwalimu wa kuimba, yenye baraza la jiwe linalotazama kichochoro. Ukikuta nimeongeza kitu, hata tumbo la Bhombol, rudi unitukane. Tumbo lenyewe halihitaji kuongezwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, mvua imekatika na mawe yanatoa mvuke. Wanne walikuwa barazani na chai yao katika vikombe vya udongo. Katikati Haru, mume wa mwalimu, aliyeendesha mashine ya picha kwenye jumba la sinema miaka thelathini na nne, mpaka jumba likageuzwa duka la sari na yeye akarudishwa nyumbani na masikio yaliyokufa nusu. Kulia Bhombol, msoma mita wa umeme mstaafu, mtu wa kukalia nafasi ya wawili. Kushoto Kochu, yaani Gimbi, jina alilopewa na bibi yake akiwa mchanga akazeeka nalo. Huyu aliendesha tramu. Na kwenye ngazi Profesa, aliyepata cheo hicho kwa kuanguka mtihani mmoja mara tatu.

Haru hakunywa chai yake. Aliacha mlango wazi nyuma ya mgongo, akaelekeza chumbani sikio la kushoto, lile lenye uhai kidogo.

— Kiko vile vile? — akauliza.

— Vile vile, — Bhombol akajibu. — Krrr, krrr. Kama mtu anakwangua ukoko wa wali.

— Acha uongo, — akasema Profesa. — Ni kama kuku anayeota ndoto mbaya.

— Mimi sisikii kitu, — Kochu akasema.

— Wewe, Kochu, hata siku ya kiyama itabidi ugongwe bega.

Haru hakucheka. Kisanduku kile kilikuwa kompyuta, nayo aliiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, mwezi huu madabodi, mwezi ujao pawa saplai, kila akienda soko la Chandni anarudi na kifurushi kwapani kama mtu aliyeiba sabuni. Alitaka kurudisha sinema yake, basi: filamu ukutani jioni, na mchezo wa mpira ambao yeye na Kochu hugombania mpaka wakatukaniana mama zao waliokwisha kufa. Lakini nyumba ina chumba kimoja kikubwa, na chumba hicho ndicho darasa la Binapani na makao ya tanpura, ala yake ya nyuzi. Naye Binapani alisema mara moja tu, tena bila kupaza sauti:

— Tanpura yangu ina nyuzi nne. Siku nitakayosikia wa tano, kisanduku chako kinaondoka na mnunua vyuma chakavu.

Kwa hiyo Haru alikiunda kiwe kimya kuliko kaburi. Alichukua feni kubwa ya kuzunguka polepole, maana feni ndogo hupiga kelele kama mke mdogo. Diski aliweka ile isiyozunguka. Joto alilitoa kwa mirija ya shaba. Chini akakivalisha viatu vya mpira alivyovikata kwenye ndala za zamani. Na kweli, mwezi mzima Binapani alifundisha pembeni yake asiseme neno, na mara moja alikifuta vumbi akidhani ni redio mbovu.

Jumanne ikaja siku ya Vishwakarma, fundi wa miungu. Siku hiyo mtaani hakuna chombo kinachofanya kazi. Cherehani hupumzishwa, riksho huvishwa maua, hata nyundo hupewa peremende. Jumatano Haru alipokiwasha kisanduku, kikakoroma. Binapani alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake. Leo anarudi, na saa kumi wanafunzi wanaingia.

— Shemeji hatazungumza mara ya pili, — Bhombol akasema. — Mwanamke yule akitoa hukumu, haina rufaa.

— Najua, kaka. Ndiyo maana nimewaita. Mimi nasikia kwa vidole tu. Nikikigusa kinatetemeka. Nyinyi mna masikio. Semeni tatizo ni nini.

Hilo lilikuwa kosa. Ukimwuliza mtu wa barazani tatizo ni nini, ni sawa na kumwuliza mbuzi majani yako wapi.

— Tatizo ni umeme wa kichochoro hiki, — Bhombol akaanza. — Nimesoma mita hapa miaka ishirini na saba. Umeme unaanza barabarani, unapita kwa muuza samaki mwenye friji tatu, kwa daktari, kwa wale wenye kiyoyozi mpaka chooni. Ukifika kwa Haru, umechoka. Na kilichochoka hukoroma. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia haba na haba.

— Mbona mwezi mzima hakikukoroma? — Haru akauliza.

— Kilikuwa mgeni. Umeona wapi mgeni akikoroma siku za kwanza?

Profesa akatema majani ya chai.

— Hayo ndiyo maneno ya watu wa mita. Kisanduku kina mafua. Jumatatu nzima ilinyesha, dirisha wazi, chenyewe kimelala kichwa kitupu chini ya feni ya dari. Mimi mwenyewe nimeshavaa kofia ya sufu, na mimi nina damu. Kivalishe skafu, ukifunike blanketi.

— Kitaungua, Profesa!

— Homa lazima ipande ndipo ishuke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hakina guu. Kina ndala.

— Si mafua, ni gesi, — akasema Bhombol, akijipapasa tumbo kama fundi anayeonyesha cheti. — Tazama mnavyokilisha. Filamu mbili za kulia mfululizo, hazijashuka, mnakipa mpira dakika tisini. Hata mimi siwezi.

— Wewe huwezi hata ngazi, — Kochu akamwambia.

— Na wewe unyamaze, mtu wa tramu. Aliyekigusa mwisho ni nani? Si wewe na ibada zako?

Kochu akaweka kikombe chini polepole.

— Usinichokoze, Bhombol. Ibada nimeifanya kama tulivyoifanya depo, kule zinakolala tramu. Shada la maua ya manjano nimekivalisha, kubwa kuliko tulilokuwa tukiivalisha tramu nzima. Unga mwekundu usoni. Mchele. Ubani mpaka paka akapiga chafya. Uzi mwekundu nimekizungushia mara saba. Jumatano asubuhi shada nimelivuta mwenyewe nikalipeleka mtoni. Kama chombo kinatoa sauti baada ya hapo, kinashukuru.

— Kinashukuru siku nne mfululizo?

— Kimelelewa vizuri.

Haru akatazama jua. Huko barabara kuu mnunua vyuma alikuwa ameanza kupiga kelele zake, chuuma, magazeti, chupaa, na ajabu ya mungu, sauti hiyo Haru aliisikia vizuri kwa masikio yote mawili.

— Jamani, — akasema, — nina saa moja na nusu.

— Basi nisikilizeni mimi, — Profesa akasema, akasimama kabisa, jambo alilolifanya mara chache kwa sababu ya goti. — Nyumba hii ni ya nani? Ya mwalimu wa kuimba. Wiki tano kisanduku kimekaa darasani kinasikiliza. Nacho kina akili, ndiyo sababu ya kuitwa kompyuta. Hakikoromi hata kidogo. Kinaimba! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wote wakatega masikio chumbani. Krrr, krrr.

— Kinashika sauti ipi? — Haru akauliza, uso umempauka.

— Ya tatu. Ila inashuka kidogo.

— Mungu wangu, nimekwisha. Afadhali kikorome. Kukoroma atakisamehe, amenisamehe mimi. Kushusha sauti hajamsamehe mtu yeyote.

— Haru, — Kochu akasema, safari hii kwa upole, — ile mashine yako ya sinema, jumba lilipofungwa, ilikwenda wapi?

— Waliiuza kwa kilo.

— Na vyuma vya kilo huenda wapi? Huyeyushwa. Vikisha kuyeyushwa vinapanda meli, vinaenda ng'ambo, vinafanywa vitu vipya. Nani ajuaye? Labda kipande chake kimerudi Chandni, nawe ukakinunua bila kukijua. Siku ya Vishwakarma kikaamka. Hiyo krrr, krrr, si ndiyo sauti ya mkanda wa filamu ukipita?

Haru akainuka. Akaingia ndani, akaweka kiganja juu ya kisanduku, akabaki ameinama. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mtu mzima akikaribia kulia kwa sababu ya feni, waliomzunguka hutazama vikombe vyao, na ndivyo walivyofanya.

— Kama ni yenyewe, — akasema, — siwezi kuiacha iuzwe kwa kilo mara ya pili.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mwavuli mkononi na daftari la nyimbo kwapani. Alikuwa Sutapa, daktari wa meno wa mtaa wa pili, mwanafunzi mpya kabisa, amewahi kwa sababu mgonjwa wake wa mwisho alikimbia akiwa kitini.

— Shikamooni, wajomba. Mwalimu yupo?

— Marahaba, mama. Bado hajarudi. Kaa, kaa. Bhombol, sogea.

— Kusogea wapi? — Bhombol akauliza, na kwa kweli hapakuwa na mahali.

Sutapa akabaki amesimama. Akainamisha kichwa.

— Nini hiyo inayokwaruza ndani?

Wakamweleza wote kwa pamoja: umeme uliochoka, mafua, gesi, shukrani, sauti ya tatu, roho ya mashine ya sinema. Alisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikiliza watu wa meno, wakijua mgonjwa lazima aseme kwanza. Kisha akauliza:

— Mmekifungua mkaangalia ndani?

Bhombol akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Kochu. Kochu akatazama kikombe, nacho kilikuwa kimekwisha.

— Hakifunguki, — Haru akasema mwishowe. — Kimezungushiwa uzi wa ibada. Uzi haukatwi, huchakaa wenyewe.

— Sawa, haukatwi. Haiwezekani kuuteremsha kando, kama bangili?

Kichochoro kizima kilitulia hata ungeweza kusikia embe likiiva. Siku nne. Shahada zote za barazani. Na hilo hakuna aliyeliwaza.

Wakaingia chumbani wakafuatana. Haru alizima kisanduku, akauteremsha uzi kwa vidole viwili, taratibu, mizunguko yote saba. Kisha akafungua skrubu nne. Mikono ile haikusahau kazi. Ilifanya haraka, bila kutafuta. Kifuniko kikatoka.

Feni ilikuwa imevaa maua. Petali tatu za manjano zilikuwa zimenasa kwenye ukingo wake, zimekauka zikawa ngumu kama kucha, na kila panga lilipopita lilizikwangua. Chini kulikuwa na punje za mchele na majivu ya ubani.

Hakuna aliyemtazama Kochu waziwazi, kwa hiyo kila mtu alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho.

— Tundu la juu nililiona, — Kochu akasema. — Nilidhani ni la kupokelea sadaka.

Sutapa akachomoa pini nywelani, akazitoa petali moja moja kama mizizi ya jino.

— Usizitupe! — Kochu akazidaka. — Ni za mungu, zinakwenda mtoni. — Akazitia mfukoni mwa shati.

— Petali tatu, — Bhombol akasema kwa ushindi. — Niliwaambia. Haba na haba.

Haru akafunga kifuniko, akaurudisha uzi, akawasha. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Akaweka kiganja. Hakikutetemeka. Akawatazama wenzake midomoni, kwa maana masikio yake hakuyaamini.

— Kimya? Niambieni kweli.

— Kimya, — Profesa akasema.

— Sasa mimi ndiyo nasikia kitu! — akasema Kochu.

— Unasikia nini? — ikauliza sauti mlangoni.

Binapani alikuwa amerudi. Mwavuli kwapani, mfuko wa samaki mkononi. Alimtazama Haru, kisanduku, skrubu moja iliyobaki sakafuni, wazee watatu wasio na kazi na mmoja aliyelipa ada. Alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka wake, akaipakata tanpura, akapitisha vidole. Nyuzi nne zikajaa chumba. Akafumba macho. Haru alisimama kama mshitakiwa, shati limemganda mgongoni.

Binapani akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

— Kuna kitu.

— Mke wangu, nakuomba...

— Shh. Bhombol, hiyo ni pua yako?

Bhombol akashika pumzi. Nyuzi zikalia tena. Akazisimamisha.

— Bado. Tiki, tiki.

— Saa yangu, Shemeji, — Profesa akasema, akaificha kwapani.

Mara ya tatu. Akageuza kichwa kidogo kuelekea kisanduku, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyokaa na Haru siku ya posa.

— Hicho hakina neno, — akasema. — Kibaki.

Haru akaketi sakafuni.

— Nilijua! — Bhombol akapumua kwa mpigo, na mapazia yakatikisika. — Umeme umepata nafuu.

— Umeme gani? Ni mafua yamekwisha!

— Mafua ya wapi, wakati maua ya mungu ninayo mfukoni?

— Toa basi tuone, wewe mwuaji wa feni!

— Jamani, taratibu, — Haru akasema, lakini alikuwa anacheka, na kwa masikio yale hakujua kwamba yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Binapani akainuka. Akakunja mkeka, akautia kwapani, akaikumbatia tanpura kwa mkono mwingine, akamwashiria Sutapa kwa kidevu.

— Twende tukaimbe, mwanangu. Barazani leo hakuna mtu.

Akatoka, akaufunga mlango.