Cassien Kabera, Aliyenywesha Ng'ombe kwa Zamu (1964–2025)

Marehemu Cassien Kabera, tunayemsindikiza leo hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alizaliwa tarehe 12 Machi 1964 katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, Kongo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Musoni, mfugaji na shemasi wa kanisa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi darasa la sita, kisha akakabidhiwa ng'ombe. Kiangazi chake cha kwanza alilifikisha kundi mtoni likiwa na kiu kali, akaliachia lote linywe litakavyo. Mtamba aliyependwa kuliko wote akaanguka pale pale ukingoni. Baba yake hakumchapa. Alimwambia tu, "Mwanangu, kiu haiui peke yake. Maji nayo yanaua, yakirudi kwa pupa."

Tangu hapo Cassien alinywesha kwa zamu: ng'ombe hupiga mafunda machache, hurudishwa nyuma apumue, kisha husogezwa tena. Hata huku Isingiro, alikochunga mifugo ya watu tangu 2013, wenzake walimtania, "Kabera, ngombe zako zinakunywa sawa bibi-arusi!" Naye alikuwa akijibu, "Ndiyo maana zinazeeka."

Mwaka 1992 alimuoa Apolline Nyiransengimana, wakajaliwa Umuhire na Ishema. Juni 2012, walipokuwa wakikimbia vita, walitawanyika njiani, na Umuhire, aliyekuwa na miaka kumi na minane, akapotelea upande mwingine. Katika mizigo michache iliyofika Nakivale kilikuwamo chombo cha mti ambacho binti huyo alinywea maziwa. Cassien alikiosha, akakifukiza moshi kama desturi yetu ilivyo, akakitundika. Kila juma alikishusha na kukifukiza upya. Hakuruhusu mtu akitie maziwa.

Mwaka 2023 waumini wa Bujumbura walileta habari: Umuhire yu hai, ameolewa, ana watoto. Kabla safari ya Umuhire kuja huku haijapangwa, mapema 2024, baba alianza kuumwa ubavu wa kulia. Madaktari wa Mbarara wakaona uvimbe kwenye ini, wakashauri ukatwe. Cassien alikataa.

"Nimetafuta mutoto miaka mingi," alisema. "Nikufe ku kitanda ya kupasuliwa bila kumuona?"

Daktari Prudence, mpasuaji, alivuta kiti akaketi kando yake. "Mzee, tukikata ini bila kuzuia damu, utavuja sana. Tukiizuia muda mrefu, ini linaumia kwa kuikosa. Na damu hiyo ikirudi baada ya muda mrefu, nayo inaliumiza. Kwa hiyo tutabana mshipa kidogo, tuachie ini lipumue, tubane tena, mpaka tumalize."

Cassien akamuuliza, "Munganga, weye ulichunga ngombe?"

"Mimi hapana. Baba yangu alichunga."

"Basi, kata."

Alipasuliwa tarehe 21 Mei 2024. Ini likastahimili, naye akarudi malishoni. Kila Jumapili alizungumza na Umuhire kwa simu, na hata simu hizo zilikwenda kwa zamu: walicheka kidogo, wakanyamaza, wakaanza tena.

Juni 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni. Umuhire alifunga safari kupitia Tanzania. Baba alimngoja akiwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, hadi Jumamosi tarehe 9 Agosti alipotutoka. Binti alifika Jumatatu.

Siku moja kabla ya kufariki alimwambia mkewe, "Umuhire akifika, musimuangukie wote pamoja na kilio. Ana kiu ya miaka mingi. Mumupe maziwa kwanza."

Marehemu ameacha mjane, Apolline; watoto wawili, Umuhire na Ishema; na wajukuu wawili, ambao mdogo wao, Musoni, marehemu alimsikia tu akilia kwenye simu.

Umuhire ameketi hapa mbele yetu. Chombo chake ki mikononi mwake, na leo kina maziwa. Ndugu, baada ya maziko tumsogelee mmoja mmoja, tumwache apumue, kisha tumsogelee tena. Naye Cassien, Mungu amfikishe penye maji, amnyweshe taratibu, ampumzishe.