Kicheko cha Kemboi kwenye Shuka

Gari moshi lilipoondoka Elburgon, Tabitha aliketi dirishani na kitambaa cheusi kichwani, akiwasikiliza abiria wawili asiowajua walioketi mbele yake. Walikuwa wakibishana juu ya sinema ya misheni.

"Jumapili tuliziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, giza liingie sinema ionekane," alisema fundi wa msumeno. "Kwanza wakatuonyesha ubatizo wetu wa mwaka jana. Mara marehemu Kemboi anapita kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, amebeba benchi la wazee, anacheka. Watu wakasimama kumwamkia. Mama, mtu aliyezikwa haamkiwi."

"Na wewe mzee ulikaa?" aliuliza mama mwenye kuku.

"Nilisimama. Miguu haikuniuliza."

Kuku akalia kapuni, kana kwamba naye alikuwapo.

"Sasa unawalaumu wenzako kwa nini?"

"Nailaumu sinema. Mtu akishalala, aachwe alale. Nimemwomba mchungaji aikate sehemu hiyo kabla ya kuionyesha Njoro leo mchana."

"Mjane wake ameiona?"

"Hakuwapo. Mimi simjui kwa sura, ila nasikia alikuwa bado kwenye matanga, kwa wakwe."

"Basi ungengoja naye aone, mzee. Hata mara moja tu."

Fundi alitazama msumeno wake uliofungwa guniani. "Mchungaji hajanijibu," alisema. "Lakini kile kicheko kilikuwa chake kabisa."

"Ndiyo maana kisikatwe."

"Ndiyo maana kikatwe, mama."

Gari likafunga breki Njoro. Tabitha akasimama, akakaza kitambaa chake.

"Nipishe, mzee," alisema kwa upole. "Nataka nifike kabla hawajaziba madirisha."