Ufunguo Juu ya Bahasha

Saa moja na dakika ishirini asubuhi treni iliondoka, na mpanga barua wa posta mstaafu akaanza kusinzia. Mbele yake walikaa kaka na mdogo wake wa kike, wote waandishi wa programu za kompyuta.

"Mfumo wa majibu ya maabara unafunguliwa saa mbili," kaka alisema, "na wewe tokeni ya mgonjwa, ufunguo wake wa kufungulia majibu, umeiweka ndani ya anwani ya ukurasa?"

"Kaka, inafanya kazi. Nimejaribu mara arobaini."

"Hata mlango usio na kitasa unapitika! Anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za kila seva, kila kompyuta inayoipitisha. Atakayeisoma atafungua majibu ya damu ya mtu. Fremuweki tunayojengea programu ina kipande tayari cha kukagua tokeni kwenye kichwa cha ombi, nje ya anwani, na kingine cha kuunda anwani. Wewe umeshona vyako kwa mkono."

"Vyangu navijua uzi kwa uzi."

Usingizini, mstaafu aliona bahasha zikielea polepole nje ya dirisha, kila moja na ufunguo wa nyumba uliobandikwa kando ya anwani. Zilipitia mikono mingi, mikono yenye adabu, na yote ilisoma. Alitaka kuwaambia wale ndugu wawili, lakini ulimi ulikuwa mzito.

"Nikibadilisha sasa nitachelewa, na bosi atanila mbichi."

"Basi wahi."

Saa moja na dakika arobaini na moja treni ilisimama kwenye kituo cha ofisi yao. Kaka alishuka. Mdogo wake alibaki kitini, kompyuta mapajani, akifuta mstari wa kwanza wa msimbo alioushona kwa mkono.