Shigela Luhende na Picha Iliyoishi kwa Injini ya Taa

Mimi Mahona nina miaka sabini na nne. Nimeishi kupita mameneja watatu wa jineri hii ya kuchambua pamba, injini kubwa mbili, na ushirika wenyewe, ambao ulifutwa nikiwepo, ukarudishwa nikiwepo, na ukafa tena mimi nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti changu cha chuma. Shule niliishia darasa la tatu. Walipotaka habari za Shigela Luhende kwa kijarida cha kiwanda, karani wa ofisini alisema mimi nisimulie, yeye ataandika. Nimekataa. Anayoyajua karani ameyakuta kwenye faili. Mimi nilikuwepo.

Shigela anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini na mitatu ya ufundi umeme hapa Bariadi. Alikuja kutoka Dutwa, kijana mwembamba, baiskeli ya kuazima, akanikuta mimi tayari ni mtu wa injini. Nilimfundisha kusikiliza injini kwa kuuma bisibisi, ncha yake ikigusa chuma. Akiwaambia alifundishwa na mwingine, anawatania.

Kazi zake mnazijua. Nyaya zote za mashine ya kufunga marobota ni mkono wake, na hazijamuua mtu. Yeye mwenyewe umeme ulimtupa chini mara moja, akalala kimya, sisi tukaanza kuita majina ya mababu zake. Alipofumbua macho aliuliza kama ni kweli Bagalu wanacheza na chatu mwaka huu.

Maana Shigela ni Mgika, tena wa kujisifu. Kwa wageni wa kiwanda nieleze: pamba ikishauzwa, vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watu wakihamia upande wako, umeshinda. Kwa hiyo kila chama huficha kitu chake kipya hadi siku yenyewe, hata mke haambiwi. Mimi ni Mgalu toka kwa babu yangu, na tuliwapiga miaka mingi mfululizo. Wiki ya kushindwa Shigela alikuwa hanisalimii.

Mwaka 1992 alikuja fundi mmoja kutoka Denmark kutengeneza mitambo. Jioni alikuwa anatuwekea mikanda ya video. Mkanda mmoja ulionyesha vijana wa kwao wamejaa ukumbini, kila kundi limeleta kompyuta yake, wanaonyesha picha walizozitengeneza: mpira unazunguka hewani, mistari ya rangi inacheza kama nyoka, na chini maneno yanapita kusalimia marafiki kwa majina. Watu wakipiga kelele zaidi, kundi limeshinda. Sisi tulicheka. Shigela hakucheka. Alinishika goti.

"Namhala, mzee wangu, hawa nao wana Bagika na Bagalu!"

Yule fundi alikuwa na kompyuta kuukuu, ya nyumbani, kibodi tupu unayoichomeka kwenye televisheni. Akiondoka alimwachia Shigela, akamwambia ajifunze nayo hesabu, ila picha za mkanda ule asahau, hiyo haina nguvu wala rangi za kutosha.

"Itaweza," Shigela alisema. "Mimi ndiye nasema."

Miaka mitatu alipambana nayo. Ile kompyuta ilikuwa haiwezi kufikiri mpira ukizunguka, ilikuwa inachoka kama punda wa kisimani. Basi akauchora mpira mmoja usiotikisika, akazifanya rangi ndizo zihame juu yake, hii inaipisha ile, na jicho likadanganyika. Alikuja kunieleza kwenye nyumba ya injini, mikono yake ikizunguka hewani. Mcheza ngoma hodari, alisema, miguu haiondoki, mabega tu yanatetemeka, nawe unaapa kwamba mtu amezunguka uwanja mzima. Mistari ya wale vijana wa Denmark ilikuwa na rangi nyingi, yeye alikuwa na nane, akazipanga karibu karibu mpaka zikaonekana nyingi. Salamu ndizo hakuzipunguza. Alisema ngoma isiyotaja watu ni kelele.

Tatizo likawa moja. Kinasa cha kuhifadhia kazi ya kompyuta ile kiliungua, na redio kaseti za hapa zote alizozijaribu zilikataa. Kila alichokiandika kilikaa ndani ya kompyuta umeme ukiwepo. Umeme ukikatika, kimekwenda. Akaanza kuandika siku msimu wa 1995 ulipofunguliwa, kwa sababu msimu ukiwepo injini ndogo ya taa, inayotupa umeme, hailali. Na injini ya taa ni mimi. Niliongeza oili ikiwa inakimbia. Nilikula hapo, nikalala hapo. Hakuna mtu mwingine Bariadi aliyeweza kazi hiyo, na aliyepo ajitokeze.

Lakini mwaka ule soko lilikuwa huria. Wanunuzi binafsi walitega mizani barabarani toka Dutwa mpaka Lamadi, wakulima wakauza hukohuko. Siwalaumu, hata shemeji zangu waliuza. Ghala letu, ambalo zamani pamba ilikuwa inamwagika mpaka mlangoni, likabaki tupu unasikia njiwa. Robota la mwisho lilifungwa Jumatano. Ngoma ilikuwa Jumamosi.

Meneja wetu, Mzee Machibya, akaja mwenyewe.

"Mzee Mahona, zima. Msimu umekwisha."

"Injini hii sizimi."

"Dizeli ni ya ushirika!"

"Basi chukua dizeli yako. Niachie injini."

Alidhani ninatania. Nikamwonyesha mapipa ya mafuta ya pamba yaliyobaki kwenye kinu chetu cha kukamulia, machafu, hayana mnunuzi. Injini ile ya kizamani ilikuwa inakula chochote, ili mradi uiwashe kwa dizeli na uilishe taratibu kama mgonjwa. Mzee Machibya alinitazama, akaitazama injini, akavua kofia.

"Ikifa, utaizika wewe," akasema, akaenda zake. Hakurudi kuuliza tena. Huyo alikuwa mtu.

Toka Alhamisi mji mzima ulinuka maandazi. Watoto walikuja getini kuuliza nani ana harusi. Mafuta yale yanaziba chujio. Lazima ulifute, mara kwa mara, kwa kitambaa safi, na mkono mwingine ukishika bomba, la sivyo injini inakohoa na taa zinalegea. Wenzangu Bagalu walijua kuna jambo, wakaja kunizomea dirishani.

"Mahona, unapikia Bagika chakula?"

"Napikia jineri," nikawaambia. "Nendeni mkacheze."

Jumamosi, uwanjani mbele ya ghala, Bagalu walianza vizuri, chatu wao mnene, uwanja umejaa. Bagika walikuwa wachache, ngoma zao hafifu. Ndipo Shigela, manyoya kichwani, njuga miguuni, akafungua milango ya ghala. Giza ndani kwa sababu hakuna madirisha, nafasi tele kwa sababu hakuna pamba, televisheni iko mwisho kabisa juu ya meza. Watu wa kwanza waliingia kutafuta kivuli, wakaanza kupiga vigelegele. Kisha wengine. Mpira unazunguka, rangi zinapanda na kushuka, na chini salamu za Kisukuma zinatembea: Mwadila Felisita mke wangu. Mwadila Novatus wa ghala. Mwadila akina mama wa kuchagua pamba. Kila aliyeliona jina lake alipiga kelele, na asiyejua kusoma alisomewa. Uwanja ukahama. Hata mbeba chatu wetu aliingia, na chatu wake shingoni. Bagika wakashinda.

Jua lilipoanza kushuka mafuta yaliisha. Injini ilikohoa, ikasimama, na picha ikafa hapo. Shigela alikuwa anajua itakufa. Kichwani alikuwa nayo yote, angeiandika tena msimu uliofuata. Msimu uliofuata jineri ilikuwa imeuzwa. Watu waliokuja kukomba vitu vya ofisi walipakia kompyuta ile, iliyokuwa imehifadhiwa humo, kwenye lori pamoja na taipureta mbovu, na hakuna aliyetuuliza. Hatukuipiga hata picha. Yule fundi wa Denmark hajarudi, hajui mpaka leo kwamba alikosea.

Mwajiri wetu wa sasa ana kompyuta mpya, rangi zisizohesabika. Nilimwambia Shigela aombe, aifanye tena. Alitikisa kichwa.

"Hiyo inaweza kila kitu, namhala. Nitaifundisha nini?"

Ng'wanawane Shigela, mwanangu, ahsante kwa nyaya zote, na kwa miaka yote uliyonikasirikia baada ya ngoma. Rudi Dutwa kwa Felisita wako, ulime, ule, ulale mpaka jua lipande. Taa ya nyumba yako asiizime mtu ila wewe.

Na anayesema haya ni maneno ya mzee wa kujisifu, amuulize Novatus, yupo bado ghalani. Amuulize Mzee Machibya, anaishi kwake Shishiyu, aliingia akasimama nyuma na kofia mkononi. Amuulize Felisita, aliyekaa mbele toka mwanzo mpaka mwisho. Yeye ndiye anasema jina langu lilipita mwisho kabisa, Mwadila Mahona mwenye moto, na kwamba Shigela alilifanya lipite polepole kuliko mengine, watu wakageuka kunitafuta.

Muulizeni yeye. Mimi nilikuwa nafuta chujio.